Kifyatulio Kizito Hakifundishi Kidole

Kwa zaidi ya robo karne Idara ya Polisi ya New York iliamini kwamba usalama wa raia waweza kupimwa kwa ratili. Ilipoanza kuacha rivolva na kuwapa askari wake bastola za kisasa mwaka 1993, iliagiza kifyatulio cha bastola hizo kikazwe hadi ratili 12, yaani kilo 5.4 hivi. Kiwango cha kawaida cha mtengenezaji, Glock, ni takriban ratili 5.5. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: kifyatulio kikiwa kigumu, askari hatafyatua risasi kwa bahati mbaya.

Hoja hiyo yastahili kupimwa, kwa kuwa watu wameilipia kwa damu.

Tuanze na shabaha. Bastola iliyojaa risasi ina uzito wa chini kidogo au juu kidogo ya kilo moja. Kidole kinapolazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa silaha yenyewe mara tano, mkono mzima hukakamaa na mtutu huyumba. Mtutu ukikengeuka nyuzi moja tu, risasi hukosa shabaha kwa sentimita 17 katika umbali wa mita 10. Mtaani, nyuma ya sentimita hizo huwa pamesimama mtu mwingine. Tarehe 24 Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State, askari wawili walimfyatulia muuaji mwenye silaha risasi 16. Wapita njia tisa walijeruhiwa, na polisi wenyewe walikiri kwamba wote waliumizwa na risasi za askari au vipande vyake. Kifyatulio pekee hakiwezi kubebeshwa lawama yote. Hofu na ufinyu wa mafunzo vina fungu lao. Lakini kwa hakika hakikuwasaidia.

Basi yawezekana hasara ya shabaha ilifidiwa na usalama? Novemba 2014, katika ngazi zenye giza za jengo moja la makazi huko Brooklyn, askari Peter Liang alikuwa ameshika bastola mkononi ilipofyatuka. Risasi iligonga ukuta, ikamuua Akai Gurley, kijana wa miaka 28 asiye na silaha wala kosa. Mahakamani, wazee wa baraza walipewa bastola ile wakakivuta kifyatulio na kuuonja ugumu wake wenyewe. Ugumu huo haukuwa umemwokoa Gurley. Mkono ulioshtuka hukaza vidole kwa nguvu ambayo akili haikuiagiza, na kidole kilichokwisha kukaa mahali pasipostahili hakizuiwi na springi.

Wapo watakaosema kwamba kulegeza kifyatulio ni kualika ajali nyingi zaidi. Wana haki ya kuhofu, na kifyatulio chepesi mno, kama cha washindani wa shabaha, hakifai kiunoni mwa askari wa doria. Wala askari asiruhusiwe kuichokoa silaha yake kwa tupa nyumbani kwake. Marekebisho ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa. Hata hivyo kiwango cha kawaida si chepesi mno. Kinga ya kweli ni kidole kukaa nje ya kikingio cha kifyatulio mpaka uamuzi wa kufyatua uwe umefanywa, na tabia hiyo haiuzwi pamoja na bastola. Hujengwa kwa saa nyingi za mazoezi, na mazoezi hugharimu fedha kila mwaka, ilhali springi hununuliwa mara moja.

Hapo ndipo penye siasa ya jambo hili. Springi ngumu humpa mkuu wa idara kitu cha kuwaonyesha wananchi: tumechukua hatua. Gharama yake huhamishiwa kwa mpita njia ambaye hakuulizwa. Ripoti ya taasisi ya RAND, iliyoombwa na idara hiyohiyo na kutolewa mwaka 2008, ilishauri vifyatulio vyepesi vifanyiwe majaribio. Ni mwaka 2021 tu ndipo ilipotangazwa kwamba makuruta wangepewa bastola zenye vifyatulio hivyo.

Mabadiliko hayo ni mema, ila yatakuwa nusu ya dawa iwapo akiba ya mafunzo haitaongezwa. Dola inayomkabidhi mtu silaha kwa niaba yetu haina budi kumfundisha, si kumkazia chuma na kuomba dua.