Kazi Ndogo ya Umeme Nayo Ipimwe

Soketi ya kiwandani hubadilishwa kwa dakika chache. Fundi hukaza skrubu, huwasha swichi, mashine ikazunguka, kila mtu akarudi kazini. Lakini mashine kuzunguka si ushahidi kwamba waya wa ardhi umeunganishwa. Bila waya huo itazunguka vizuri tu, mpaka siku ya hitilafu, bodi yake itakaposhika umeme. Atakayeigusa ni mmoja wetu.

Uingereza, zilikotoka plagi za pini tatu tunazotumia Uganda, Kenya na Tanzania, jambo hili limepangwa katika kanuni za BS 7671. Kubadili soketi mbovu kwa nyingine ya namna ile ile ni matengenezo: kwa kawaida cheti hakidaiwi, lakini kupima hakusamehewi. Kuongeza soketi au taa kwenye laini iliyopo kunadai cheti cha kazi ndogo. Kuvuta laini mpya au kubadili sanduku la fyuzi kunadai cheti kamili pamoja na vipimo vyake.

Wako wanaosema karatasi hizi ni kupoteza wakati. Sisi twasema ni sahihi ya mtu aliyepima, nayo humlinda hata fundi mwenyewe. Pasipo sahihi, ajali ikitokea lawama humshukia mfanyakazi: eti alishika vibaya.

Kwa hiyo kamati zetu, viwandani na mashambani, zidai mita itumike kabla ya kazi kukabidhiwa, matokeo yaandikwe, na nakala ipewe kamati. Ambayo haikupimwa, isipokelewe.