Asanteni nyinyi mlioandikwa kwa herufi ndogo

Kila tovuti ya wanafunzi ina ukurasa wa shukrani, na zote zinafanana. Juu nembo ya mfadhili, halafu nembo ya chuo, halafu picha ya mheshimiwa aliyekuja siku ya uzinduzi, akala sambusa mbili, akaondoka. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: "na wazazi wetu". Basi. Maneno matatu kwa watu waliobeba kazi nzima.

Leo tuupindue ukurasa huo. Nimekaa miezi kadhaa na timu moja ya hapa Mji wa Kale na najua nani alitoa nini. Ni wanafunzi watano, mabanati wawili na wavulana watatu, waliojenga tovuti ya milango ya kuchonga ya kisiwani: picha ya mlango, mtaa ulipo, na habari zake kama anavyozisimulia mwenye nyumba. Mimi si mwenzao wa darasani. Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo iliponishinda, lakini kutengeneza tovuti nilijifundisha mwenyewe, kwa hiyo jioni nilikuwa nakaa nao nikisaidia panapokwama.

Tuanze na stima. Laptopu zao zilikuwa tatu, zote za mitumba, betri zimekufa, yaani ukichomoa waya tu kioo kinazima. Zilichomekwa sebuleni kwa mamake mmoja wao, Kibokoni. Tokeni zilizozoea kumfikisha wiki nzima zikawa zinakata siku ya nne. Mama huyu anauza viazi karai mlangoni pake baada ya Alasiri, kwa hiyo ukitaka kujua tovuti ile ilijengwa kwa pesa gani, ni pesa za viazi. Hakuwahi kuwaambia wazime. Aliuliza tu, "Mutamaliza lini, wanangu?" kisha akawapelekea sahani ya vile vilivyovunjika visivyouzika.

Halafu intaneti, na hapa kuna kichekesho. Juni 2009 mkongo wa TEAMS ulitua Mombasa, Rais Mwai Kibaki akaja mwenyewe kuupokea. Wa SEACOM ukafuata mwezi wa pili yake. Tangu hapo sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya, na ya majirani zetu wasio na bahari, inaingilia hapa hapa kwetu. Unaweza kusimama nyuma ya Fort Jesus ukitazama bahari iliyotuletea dunia nzima, na kwenye simu yako huna bando la shilingi ishirini. Zile hatua za mwisho, kutoka barabarani hadi sebuleni Kibokoni, hazikuvushwa na Rais. Zilivushwa na fundi simu wa ghorofa ya juu aliyewapa neno la siri la waifai yake. Sharti lake lilikuwa moja: Arsenal ikicheza, kila mtu ajitoe. Likaheshimiwa.

Kuna atakayesema, si SwahiliPot ipo, pale pale karibu na Fort Jesus, tangu 2016? Ipo, na vijana wengi wa Pwani wamenufaika nayo. Lakini kituo hata kiwe kizuri vipi, usiku mtu hurudi kwao, na kazi ya wanafunzi hufanywa usiku baada ya masomo.

Na kwenye huo usiku ndipo ulipo mchango ambao mimi nauweka juu ya yote. Mmoja wa wale mabanati ndiye aliyechora sura nzima ya tovuti. Babake hakuikataa kazi, aliyakataa maneno ya watu. Msichana kukaa na wavulana nyumba ya watu mpaka saa tatu usiku, katika Mji wa Kale huu ambao kila baraza lina macho? Tuwe wakweli, wazee wetu hawaogopi kompyuta. Wanaogopa jina la mtoto kuchafuka, na mimi sioni la kuwacheka.

Lililotatua jambo halikuwa semina. Jirani mmoja, ambaye mtaa mzima unamwita shangazi, alijitolea kukaa nao. Kila siku baada ya Isha alikuja na kofia zake za kushona kwa mkono, akakaa pembeni ya sebule na sindano yake mpaka wamalize, halafu akawafikisha mabanati hadi mlangoni kwao. Karibu miezi mitatu hivyo. Hakuandika hata herufi moja ya tovuti ile. Lakini mtoe yeye, utabaki na wavulana watatu wasiojua kuchagua rangi.

Mwaka 2017 nchi nzima iliwashangilia wasichana watano wa Kisumu Girls, waliojiita The Restorers, walipofika California kwenye mashindano ya Technovation na programu yao ya simu, i-Cut, ya kuwasaidia wasichana wanaotishiwa kukeketwa. Ilikuwa haki kushangilia. Ila sisi tunapenda kuwaona vijana wakiwa tayari wameshapanda ndege. Ile miezi ya sebuleni haina mpiga picha.

Tabia hii ya kukumbuka majina makubwa tu si ya leo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, kilianza kama MIOME, chuo cha Waislamu kilichopokea wanafunzi wa kwanza 1951. Historia yake inawataja waliochanga: Aga Khan, Sultani wa Zanzibar Seyyid Khalifa bin Haroub, Mabohora, na serikali ya kikoloni. Sawa, walitoa, watajwe. Lakini wanafunzi wale wa 1951 nao walikula mahamri ya mtu kila asubuhi.

Kisha kuna wenye milango wenyewe. Fort Jesus iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011 na ina wafanyakazi wa kuitunza. Mlango wa nyumba ya mtu unatunzwa na mwenyewe, kwa kitambaa na mafuta. Bibi mmoja aliwaweka vijana kizingitini karibu saa nzima kabla ya kukubali. Watalii wameupiga picha mlango wake miaka nenda miaka rudi, hajawahi kuonyeshwa hata moja. Akawauliza, "Na nyinyi je, mimi nitaiona wapi?"

Jibu la kweli, wakati ule, lilikuwa: hutaiona, bibi. Tovuti yote ilikuwa kwa Kiingereza, pamoja na huo ukurasa wa shukrani. Hebu fikiria. Unamshukuru mtu kwa lugha asiyoisoma, mahali asipopafungua. Hiyo ni shukrani ya kumwonyesha mfadhili.

Kwa hiyo vijana wenzangu mnaojenga tovuti, Mombasa au kwingine, rudini kwa watu hawa. Waonyesheni kazi kwenye simu, kwa Kiswahili, mkiwa mmekaa nao. Waandikeni kwa majina wakikubali, na mseme walifanya nini hasa. Tokeni, waifai, kukesha. Na mkilipwa kazi ya kwanza, deni la stima litoke kabla ya viatu vipya. Nanyi wafadhili, bajeti yenu ina fulana na mabango ya kila rangi. Wekeni na tokeni, bando, na nauli ya kumrudisha msichana nyumbani usiku. Mama wa viazi karai si mfuko wa maendeleo.

Timu imeshaanza ukurasa wa Kiswahili. Mpaka wiki hii imeingia milango tisa, wa bibi ukiwa wa kwanza, na mjukuu wake amemfungulia akauona. Shangazi amekataa jina lake liandikwe, hataki kelele, basi wamekubaliana iandikwe "jirani wa kofia". Mama wa Kibokoni yeye hakukataa. Anataka jina lake, picha ya karai, na namba ya kuagizia viazi.