Kicheko cha Upande Mmoja



Baada ya kumshukuru Mola na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), wiki hii twapenda kuzungumza juu ya kicheko.

Nyumba zetu za Mombasa zina mapenzi ya zamani na redio. Wazee wetu walikuwa na Sauti ya Mvita kabla ya uhuru, sisi tulikua na "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi alichokianzisha marehemu Leonard Mambo Mbotela mwaka 1966. Siku hizi nyumbani kwetu haupitwi mchezo wa kila Alhamisi usiku, wa bwana mkali na mkewe mvumilivu. Sisi huusikiliza barazani, ahli zetu jikoni, kila upande na redio yake.

Waigizaji walipotangaza kuwa watauonyesha jukwaani, mabinti zetu waliomba ruhusa. Tulisita, kisha tukaona ni heri twende nao kuliko kuwakataza. Ukumbini wanaume tulikaa kulia, wanawake kushoto. Yule bwana mwenye sauti ya radi alipotokea, kumbe ni kijana mwembamba, kanzu yamvaa yeye! Ukumbi mzima ulicheka.

Kisha pakafika mahali tunapopapenda. Bwana aonja mchuzi, adai umezidi chumvi, amtukana mkewe pamoja na waliomlea. Upande wetu tukaangua kicheko. Upande wa pili, kimya. Tukageuka, tukamwona mwenzetu ameinama, akikunja na kukunjua ncha ya buibui lake.

Miaka yote tumecheka barazani bila kujua kwamba jikoni hakuchekwi. Ukuta ulituficha.

Ndani ya tuktuk tukamuuliza mbona hakucheka. Akasema kwa upole, "Bwana, maneno yale umepata kuniambia. Siku ya harusi ya dadako, mbele ya wageni."

Sisi tulikuwa tumesahau.

Darsani twafundisha kwamba mbora wetu ni aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake, na kwamba Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa afanyalo Mtume (s.a.w.) nyumbani, alieleza kuwa akiwahudumia ahli zake. Twayasema haya kwa wengine kila mwaka. Usiku ule tulimtaka radhi mbele ya mabinti zetu, kwani kosa lilitendwa mbele ya watu. Hakujibu papo hapo. Asubuhi alituwekea chai, akasema amesamehe, ila mchuzi wa siku ile haukuzidi chumvi.

Enyi kinababa, Alhamisi ijayo zimeni redio moja, mkae chumba kimoja na ahli zenu. Pakifika pa kuchekesha, sikilizeni kwanza ni nani mwingine acheka. Na asiyecheka, muulizeni kwa upole, kisha mnyamaze mpaka amalize.

Mola azitie nyumba zetu mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.