Faili la Mwananchi Lisikae Mfukoni mwa Mtumishi

Katika masijala ya ofisi ya umma, faili halitoki kiholela. Kila karatasi ndani yake ina namba ya folio, karani huandika nani amelichukua na lini, na likichelewa kurudi hufuatiliwa. Leo mtumishi wa ofisi hiyohiyo anapiga picha ya cheti cha mwombaji kwa simu yake na kumrushia mkuu wake kwa WhatsApp. Picha hiyo inabaki katikati ya picha za harusi na za watoto, na kioo kikipasuka, simu inaachwa kwa fundi wa mtaani pamoja na nywila iliyoandikwa kwenye kikaratasi. Hakuna daftari litakaloonyesha cheti kimepita mikononi mwa nani. Mtindo huu ukomeshwe, na dawa yake ni vifaa na kanuni, kwa kuwa makaripio peke yake yameshindwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Ofisi italindaje kilichomo ndani ya simu isiyo yake? Tena, kumbukumbu ikishakaa kwa mtu binafsi, yeye ndiye anayeamua ipi ya umma na ipi yake. Hillary Clinton, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kati ya 2009 na 2013, alifanya kazi za serikali kwa barua pepe binafsi. Barua takribani 30,000 zilirudishwa serikalini mwishoni mwa 2014, baada ya mawakili wake kuzichambua. Nchi ililazimika kuamini uchambuzi wao.

Wapo watakaosema bajeti ni finyu na WhatsApp inaokoa muda, hasa kwa mhudumu wa afya aliye kijijini. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana kupiga marufuku tu ni kumtwisha mtumishi mzigo wa mwajiri: tayari simu ni yake na bando ni lake. Lakini usalama si lazima uwe ghali. Serikali ya Tanzania ina mfumo wake wa barua pepe. Marekani nayo, kwa sheria ya 2014, ilimtaka mtumishi aliyetumia akaunti binafsi apeleke nakala kwenye akaunti ya kazi ndani ya siku 20. Kutuma nakala ni kazi ya dakika moja. Kanuni hiyo humkinga pia mtumishi mwenyewe, maana kazi ikiwa imetenganishwa na mambo yake, hakuna mkaguzi mwenye sababu ya kupekua simu yake.

Waajiri wa umma, anzeni na ofisi zinazoshika taarifa nyeti: hospitali, ardhi, ustawi wa jamii. Wapeni watumishi simu ya ofisi na bando, andikeni kanuni inayoeleweka, kisha ndipo muwawajibishe. Mwananchi alikabidhi cheti chake kwa ofisi, na ofisi ndiyo inayodaiwa.