Lori Zima, Nchi Haina Tairi

Hivi jamani, mnajua kwamba lori linaweza kufa likiwa zima? Injini inaunguruma, gia zinaingia, breki zinashika, lakini gari limepandishwa juu ya magogo kwa sababu tairi zimekwisha. Nimeliona kwa macho yangu Kimali, mkoani Simiyu: Bedford la miaka ya 1960, la tani tano, lililobeba pamba tangu enzi za vyama vya ushirika. Mwenyewe, mzee wa Kisukuma asiyependa maneno mengi, alinijibu kwa kifupi: "Mwanangu, sitafuti gari jipya. Natafuta viatu vya hili."

Nikajitwisha kazi ya kutafuta. Nikaanzia Bariadi, nikaenda Mwanza, nikapiga simu Dar es Salaam. Saizi ni 8.25-20: upana inchi nane na robo, rimu inchi 20, ndani tyubu na flapu. Maduka yote niliyofika yana tairi za Canter za inchi 16 na zile za inchi 22.5 za malori makubwa, zisizotumia tyubu. Katikati hapo, patupu.

Muuzaji mmoja akaibua moja stoo, akaifuta vumbi. "Mpya hii kaka, haijagusa barabara!" Nikasoma tarakimu nne za ubavuni. Kwa asiyejua, tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 huandikwa wiki na mwaka: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Hiyo "mpya" ilikuwa imelala zaidi ya miaka kumi. Mpira huzeeka hata ukikaa kivulini. Ukibebeshwa marobota ya pamba kwenye jua la Usukumani, unapasuka. Mwingine akanishauri tuchanganye mbele: tairi ya waya kulia, ya nailoni kushoto. Huo si ushauri, ni kuchimbiana kaburi. Tairi hizo hazishiki barabara kwa namna moja, na ukikata kona ndipo utakapojua.

Najua mtakachosema, vijana wenzangu wa mjini: auze chuma chakavu, anunue Fuso. Kwa fedha ipi? Pamba inauzwa msimu mmoja kwa mwaka, na bei hapangi yeye. Halafu tuache kujidanganya kwamba lori "limepitwa na wakati". Lori linafanya kazi. Iliyoacha kufanya kazi ni Arusha.

Naam, Arusha. General Tyre ilianzishwa mwaka 1969. Serikali ilikuwa na hisa asilimia 74, na asilimia 26 zikaja kuwa za Continental ya Ujerumani. Shirika la Maendeleo ya Taifa, NDC, lina mashamba ya mpira Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero. Pamba tunalima wenyewe, na tairi za zamani zilishonwa ndani kwa nyuzi za pamba kabla ya nailoni kuchukua nafasi. Mpira tulikuwa nao, kiwanda tulikuwa nacho. Hata fedha za NSSF, akiba ya wafanyakazi, zilikopeshwa kiwanda hicho. Mwaka 2009 uzalishaji ukasimama. Tangu hapo tumelishwa ahadi za kukifufua, bajeti baada ya bajeti, na ahadi haifungwi kwenye rimu.

Mtaniambia hata Wakenya walishindwa: Sameer walifunga kiwanda chao cha tairi Nairobi mwaka 2016, wakizidiwa na tairi za bei rahisi kutoka nje. Kweli kabisa. Lakini funzo lake si kwamba tulale. Funzo ni kwamba kiwanda bila mnunuzi wa uhakika hakisimami. Na mnunuzi huyo nchi hii anajulikana: ni serikali yenyewe. Ina malori ya jeshi, ina magari ya halmashauri, ina matrekta na magreda. Ikiamua kununua nyumbani, kiwanda kina soko kabla ya kuuza tairi moja dukani, na hapo hata saizi za watu wa Kimali zinaweza kupata zamu yake. Wakati tunasubiri, basi angalau tairi zikaguliwe mwaka wa kutengenezwa, bandarini na dukani. Kusoma tarakimu nne hakuhitaji mfadhili.

Trafiki akikukuta na tairi kipara anakuandikia faini, na ana haki, maana kipara kinaua. Mkulima atalipa, kisha atauliza tairi nzuri inauzwa wapi. Sasa na mimi nauliza: walioiacha nchi yenye mpira na pamba ikitembea na kipara, nani anawaandikia faini?

Tafakari.