Nani Amewapa Kazi ya Kusoma Mesaji Zetu?

Ndugu zangu wa kambini, na ninyi wakubwa wa mashirika mnaosoma kijarida chetu hiki, leo tuongee juu ya mesaji. Siyo ile unayomtumia mama kumuuliza kama amefika salama. Naongea zile zinazotumwa kwa watu mia au elfu kwa mara moja: tangazo la mgao, siku ya chanjo, mkutano wa vijana, bahati nasibu, kamari ya mpira. Makampuni ya simu yanaziweka zote kwenye kapu moja, mesaji za biashara, hata kama mtumaji hauzi kitu. Mtumaji analipia, basi ni biashara. Na kwenye mlango wa kapu hilo kuna mtu anasoma kwanza, ndipo anaamua ipite au isipite.

Mimi nasema mtu huyo hana kazi pale.

Wengi hawajui mambo yanavyokwenda, kwa hiyo nieleze kidogo. Ukitaka kutuma kwa watu wengi huendi moja kwa moja kwa kampuni. Unapitia kwa mtu wa kati aliyenunua mesaji nyingi kwa jumla. Yeye anakuombea jina litakaloonekana kwenye simu ya mpokeaji, au namba fupi ya tarakimu chache. Anaomba karatasi za shirika lako, muhuri, na maandishi yenyewe utakayotuma. Kampuni ikikataa, anakupigia simu anakwambia imekataliwa. Basi. Hakuna barua, hakuna pa kulalamika.

Sisi yalitupata. Tulikuwa na vijana mia moja na kitu walioandika namba zao wenyewe kwenye daftari letu, wakasema tukiwa na mkutano tuwajulishe. Tukaandika mesaji: Jumamosi saa nane, mazungumzo juu ya UKIMWI na kondomu, njooni na maswali. Ikarudi. Eti neno kondomu litaudhi wateja. Wateja gani? Wale wale walioomba waandikiwe? Tukaambiwa tuweke "afya ya vijana". Tukaweka. Wakaja wachache, na wasichana wawili waliuliza kama ndiyo siku ya kugawa vyandarua. Wiki hiyo hiyo simu yangu iliingia mesaji za kamari kila siku, shinda mamilioni, weka dau sasa, na mimi sijawahi kumpa mtu yeyote ruhusa ya kunitumia hizo. Kijana wa miaka kumi na sita anaruhusiwa kuitwa kwenye kamari ila haruhusiwi kuitwa kwenye somo la kondomu. Mtu anielezee.

Msifikiri ni mambo ya Bujumbura tu. Mwaka 2007 huko Marekani, shirika la NARAL linalotetea haki ya mwanamke kutoa mimba lilitaka namba fupi, ili watu wanaolikubali wajiandikishe kwa simu na kupata habari zake. Makampuni mengine yalikubali. Verizon ilikataa, ikasema ina haki ya kuzuia mambo ambayo baadhi ya wateja wangeyaona yana ubishi au hayapendezi. Gazeti la New York Times lilipoiandika habari hiyo Septemba 27, kampuni ilibadilisha uamuzi siku ile ile. Unaweza kuwa unapinga kutoa mimba, na hapa kwetu wengi wanapinga, lakini angalia jambo lenyewe: mtu ameomba habari, mwingine yuko tayari kumpa, na wa tatu anayebeba tu ndiye anayekataa. Kumbuka pia kwamba kampuni hiyo hiyo isingeweza kukata simu ya sauti kwa sababu haipendi maneno yako. Kwa sauti sheria ilimlinda mteja, kwa maandishi ikamwacha. Disemba 2018 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kuendelea hivyo hivyo, makampuni yabaki na mamlaka juu ya mesaji, kwa kisingizio cha kuzuia matangazo ya usumbufu.

Dereva wa basi la Ruyigi anapokea bahasha yako pale stendi, analipwa, anaifikisha. Akianza kufungua bahasha na kuchagua barua zinazompendeza utampa tena?

Na mlango wa kusoma ukishajengwa, serikali nayo inaujua njia. Februari 2011, kabla ya uchaguzi wa Uganda, tume ya mawasiliano ya nchi iliyapa makampuni orodha ya maneno na misemo 18 ya kuzuiwa kwenye mesaji. Ndani yake kulikuwa na Misri, Tunisia, Mubarak, dikteta, risasi. Jina la nchi! Mfanyabiashara anayeagiza bidhaa Misri afanye nini? Tanzania, Oktoba 2020, mamlaka ya mawasiliano TCRA iliagiza mesaji za jumla zisimame kuanzia tarehe 24 mpaka Novemba 11, uchaguzi ukiwa katikati, na watu wengi waliripoti kwamba hata mesaji ya kawaida yenye jina la mgombea Tundu Lissu haikufika.

Najua mtakachonijibu. Chuki. Na sisi wa maziwa makuu ndio wa mwisho kufanyia mchezo neno hilo, maana tuko hapa kwa sababu kuna watu waliwahi kuambiana nani auawe. Kenya baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 mesaji za kuchochea zilizunguka kweli, na serikali ikafikiria kuzima mesaji zote. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, alishauri wasizime, na kampuni yake ikawatumia wateja wake wote, kama milioni 9, maneno ya amani. Hapo nawapigia makofi. Walijibu neno kwa neno.

Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 2012, kabla ya uchaguzi uliofuata, Safaricom na baadaye tume ya mawasiliano ya Kenya zilitoa masharti ya mesaji za siasa za jumla: maandishi yaletwe kwanza yasomwe, na lugha iwe Kiingereza au Kiswahili tu. Kutukana na kuchochea kukatazwe, sawa, na Kenya tayari ilikuwa na sheria ya mwaka 2008 inayompeleka mchochezi mahakamani, ambako angalau anasikilizwa. Lakini lugha? Mimi Kiswahili ndicho changu, nimekulia Buyenzi, nakipenda. Hata hivyo bibi yangu anasikia Kifuliiru, na Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Kwa sharti kama hilo, habari ya uchaguzi inamfikia aliyesoma, na asiyesoma anaambiwa asubiri mtu wa kumtafsiria. Nani alisema chuki haiandikwi kwa Kiswahili kizuri?

Na sisi Wakongomani tunajua dawa kali inavyoua mgonjwa. Baada ya uchaguzi wa Novemba 28, 2011, serikali ya Kinshasa iliamuru mesaji zote zizimwe kuanzia Disemba 3, eti kulinda utulivu. Zilizimwa zaidi ya wiki tatu. Walioumia sana ni viziwi. Wenye masikio waliendelea kupiga simu, wao mesaji ndiyo ilikuwa simu yao, na wakati huo huo mijini kulikuwa na fujo ambazo walihitaji kuambiwa wazikwepe.

Sisemi kila mtu atume anachotaka. Wezi wa "umeshinda, tuma pesa kwa namba hii" wazuiwe, wakamatwe. Ila mwenye haki ya kukataa ni mpokeaji. Aandike neno moja, bure, na mesaji za mtumaji huyo zisimame. Kampuni ikizuia kitu iandike sababu, itaje sharti gani limevunjwa, na masharti yenyewe yabandikwe kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili mahali ambapo hata kikundi kisicho na ofisi kitayaona. Na anayeamua kwamba neno ni uhalifu awe hakimu. Kijana wa ofisi ya matangazo anayeogopa bosi wake haitoshi.

Sasa ninyi wa mashirika. Sisi wa vikundi tukikataliwa tunanyamaza, nguvu hatuna. Ninyi mnanunua mesaji kwa maelfu, kwa kambi za Musasa, Kavumu, Bwagiriza na kwingine, na mkuu wa kampuni anapokea simu zenu. Mmeshazoea kulainisha maneno kabla hamjaambiwa: mgao umepunguzwa inakuwa "marekebisho ya msaada", na watu wanakwenda na magunia makubwa kwa chakula cha nusu mwezi. Mkataba wenu na kampuni ya simu ukifika wa kusainiwa upya, ombeni iandikwe ndani kwamba mesaji kwa mtu aliyeiomba haizuiwi bila barua yenye sababu, na kwamba vikundi vidogo vinavyotuma kupitia kwenu vinalindwa na kipengele hicho hicho. Wakikataa, tuambieni walikataa kwa maneno gani, tuyachapishe hapa.