Kuvua Samaki Wakati wa Kipupwe

Likizo ya Julai imefika, na watoto wa Kolwezi wanaomba ruhusa kwenda Nzilo kuvua kwa mshipi. Ziwa hilo si la kale: ni Mto Lualaba, uliozuiwa kwa ukuta mwaka 1952 ili migodi ipate umeme, zamani liliitwa Delcommune.

Nchi yetu imeinuka mita 1,400 hivi juu ya bahari, basi usiku wa kipupwe ni baridi kweli. Tilapia hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa hulegea, hushuka kilindini, hula kidogo. Kwa hiyo heri angojaye jua lipashe maji ya kando. (Misa ya asubuhi haimpunguzii mtu samaki.) Mtoto avae sweta, tena asipande mtumbwi peke yake.

Na chandarua cha mbu kibaki kitandani! Wako wanaokikokota majini, wakazoa hata vifaranga wasiofikia urefu wa kidole. Aliyenaswa kwa ndoana akiwa mdogo, mrudishe upesi. Maji yatakapopata joto, tilapia jike wa aina nyingi hubeba mayai kinywani mwake, na wanawe wakiona hatari hukimbilia humo.